Sebule Iliyopangwa Mara Mbili

Saa tatu na robo asubuhi Koplo alimshusha mpambaji wa nyumba kwenye gari la polisi, na watu tisa wa nyumba ile walikuwa wameshajipanga barazani kumtazama. Hakuna aliyewaita. Tangu Jumanne jioni, Bi Mkubwa alipokutwa sebuleni amepasuka kichwa, hakuna aliyetaka kuwa mbali na habari. Wenye kazi waliomba ruhusa. Wasio na kazi hawakuhitaji.

"Huyu naye karudi kufanya nini hapa?" aliuliza Shemeji. Alikuwa mume wa binti mkubwa wa nyumba, lakini kwa miaka kumi na miwili aliyoishi hapo kila mtu alimwita Shemeji, hata muuza magazeti.

"Kupanga sebule," alisema Inspekta.

"Jumanne alishindwa, leo ndiyo ataweza?"

"Ndicho tulichokuja kutazama. Nawe usiende mbali, Shemeji, nitakuhitaji."

Hata yeye alijikuta amemwita hivyo. Mtu mmoja barazani alicheka, akanyamaza haraka.

Mke wa Shemeji, ambaye wadogo zake walimwita Dada Mkubwa, alikuwa amesimama nyuma ya wote, kanga ya kujifutia bado begani. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama anaendeleaje?" Inspekta alimuuliza.

"Hivyo hivyo. Nimekuja kuoga tu, narudi hospitali."

"Anamuuguza peke yake, mwanangu," alidakia Shangazi, dada wa marehemu mwenye nyumba, aliyekaa kwenye kiti pekee kilichokuwa barazani. "Mchana yeye, usiku yeye. Nimemwambia nipishe na mimi nikae na wifi yangu, hataki. Kajifungia naye pazia kama mwali."

Inspekta alibandua karatasi ya polisi kwenye mlango wa sebule akaingia peke yake kwanza.

Sebule ilikuwa vile vile alivyoiacha Jumanne: makochi yamebanwa ukutani pande tatu kama chumba cha kusubiri daktari, kabati la vyombo limeegemea ukuta wa kushoto, picha za familia zimejaa ukutani juu ya televisheni, harusi, mahafali, marehemu na kofia yake. Katikati, zulia tupu. Hapo ndipo maelezo ya mpambaji yalipokwama. Alikuwa ameandikisha polisi kwamba alifanya kazi kutwa nzima, akamaliza saa kumi kasoro robo, akamwacha Bi Mkubwa mzima, amekaa dirishani anaisifu sebule yake mpya. Lakini sebule mpya haikuwepo. Familia ilipelekwa kutwa kumwona mtoto mchanga wa binamu yao ili mpambaji apate nafasi, na waliporudi saa moja jioni walikuta kila kitu mahali pake pa siku zote, Bi Mkubwa yuko chini, na pembeni yake imelala taa ndefu ya kusimama, kitako chake cha chuma kina damu. Taa ililetwa na mpambaji. Ilikuwa na alama za vidole vyake, na za watu wengine watano walioisogeza kumfikia mgonjwa.

Juu ya hayo kulikuwa na maelezo ya Shemeji. Alisema alirudi mapema kuliko wenzake, saa kumi na moja, akajipakulia chakula kwenye meza ya kulia. Akiwa pale pale mezani alimwona mpambaji akigombana na Bi Mkubwa kwa kazi ambayo haijafanyika, akainua taa, akampiga. Yeye akatoka mbio kwa mlango wa jikoni kutafuta msaada.

Saa sita mchana mpambaji alitakiwa kusimama mbele ya hakimu kwa kosa la kujaribu kuua. Bi Mkubwa alikuwa hajafungua macho. Asipoyafungua tena, neno "kujaribu" lingeondolewa kwenye shtaka.

Inspekta alifunga mapazia yote, akapiga magoti, akailaza tochi juu ya zulia. Mwanga ulipita chini chini, ukaacha vivuli vidogo vya duara, vinne hapa, vinne pale.

"Unaona nini, Koplo?"

"Miguu ya viti, afande." Koplo aliinama kwa shida. "Lakini katikati ya zulia. Mahali ambapo hakuna kiti."

"Huenda ni alama za zamani."

"Si za zamani," ilisema sauti ya Shangazi. Kiti kilikuwa kimehama baraza bila mtu kujua, sasa kiko mlangoni. "Zulia hilo lilikuwa kwa dobi wiki nzima. Limerudi Jumatatu jioni, likatandikwa tupu. Viti vyote tulivirundika chumba cha kulia, tukala chakula cha usiku tumesimama kama farasi."

"Una hakika, mama?"

"Miguu yangu ina hakika."

Koplo alipima kila alama kutoka ukutani kwa futi ya kukunja, akaandika kwenye daftari. Hakuchora chaki. Mpambaji alikuwa ukumbini muda wote huo, amegeuzwa atazame ukuta, asipate cha kulenga. Vipimo vilipokwisha, Inspekta alimwita, akamfungua pingu mwenyewe.

"Nirudishie sebule uliyosema uliimaliza. Sitaki maelezo. Saa tano na nusu gari linaondoka, na wewe ndani yake."

Mpambaji alisugua vifundo vya mikono. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, siku mbili za mahabusu zimemkunja gauni na uso. "Peke yangu?"

"Jumanne ulisaidiwa na nani?"

"Hakuna."

"Basi anza."

Hakuanza. Alifungua mapazia, akakaa chini sakafuni, akatulia. Dakika moja ikapita, ya pili ikapita.

"Anaswali au anafanya nini?" alinong'ona mtu ukumbini.

"Naangalia jua liko wapi," alisema mpambaji bila kugeuka. "Nyumba hii walikaa wameligeuzia mgongo dirisha. Anayeingia anaona vivuli vya watu, haoni nyuso."

Akasimama, akafungua sanduku lake la vifaa ambalo Koplo alilileta kutoka stoo ya vielelezo, akatoa blanketi kuukuu. Alimudu kochi la kwanza kwa kuinua mguu mmoja mmoja na kusukumia blanketi chini yake, kisha akalivuta lote kama mtu anayevuta mtumbwi kwenye mchanga. Halikukwaruza hata kidogo. Akalitoa ukutani, akaligeuza kidogo, lisitazame dirisha moja kwa moja wala lisiligeuzie mgongo. Koplo akashusha futi.

"Sentimita mbili pembeni."

La pili: "Sentimita moja."

Kiti cha dirishani kilipowekwa, Koplo hakupima. Mguu ulikuwa umeingia ndani ya shimo lake.

Ukumbini watu walisogea mbele. Hata hivyo Koplo alimsogelea Inspekta, akasema kwa sauti ya chini, "Inaonyesha aliviweka hapa. Haionyeshi nani alivirudisha. Huenda alijaribu, hakupenda, akarudisha mwenyewe. Bi Mkubwa akakasirika, ugomvi ukaanza."

"Huenda."

"Hakimu ataniuliza hivyo hivyo."

"Basi tusubiri kuta."

Kuta zilileta shida. Mpambaji alipapasa ukuta wa kulia kwa vidole, akarudi, akapapasa tena. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo.

"Misumari yangu haipo," alisema. "Nilipiga sita hapa. Picha kubwa ya mandhari na mbili ndogo chini yake."

"Ndiyo hiyo misumari ya ndotoni," alisema Shemeji. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, mikono mfukoni. "Afande, tunapotezewa muda. Mama yetu yuko mahututi na sisi tunatazama watu wakihamisha viti."

Koplo, ambaye miaka thelathini ya kazi ilimfundisha kugusa kabla ya kujibu, alipitisha ukucha ukutani. Kitu cheupe kilibanduka, tundu dogo likabaki. Akanusa ukucha.

"Dawa ya meno."

"Una nini kwenye sanduku cha kuzibia ukuta?" Inspekta alimuuliza mpambaji.

"Lipu ya mkebe. Huo hapo, haujafunguliwa."

Mkebe ulikuwa na utepe wake wa dukani. Inspekta akageukia ukumbini. "Humu ndani mnatumia dawa gani ya meno?"

"Kuna mabafu mawili, mwanangu," alisema Shangazi, akajiweka sawa kitini. "La chini ni letu sisi umma. Watu wanane pamoja na wifi yangu, mswaki hadi mswaki, na dawa yetu nyekundu ya chumvi, maana ndiyo inayodumu. La juu ni la Dada Mkubwa na mumewe. Wao wanatumia ile nyeupe, ya kunukia peremende."

Koplo alinusa ukucha mara ya pili, akaandika.

"Bafu la juu halina kufuli," alisema Shemeji.

"Sijasema lina kufuli," alijibu Inspekta. "Na hizi picha za familia, binti, uliziweka wapi?"

Mpambaji aliinama, akakunja blanketi lake.

"Nimekuuliza."

"Nilizishusha. Zote. Nilizipanga pale pembeni, zimegeukia ukuta."

Manung'uniko yakapita ukumbini. Picha za watoto wa watu zigeuzwe ukutani?

"Kwa nini?"

"Bi Mkubwa aliniomba nisimwambie mtu."

"Yeye hawezi kusema sasa, na wewe una saa moja. Chagua."

Msichana alitazama picha ya harusi juu ya televisheni, Dada Mkubwa na Shemeji, shela na suti ya kijivu. "Nyumba inapouzwa," alisema polepole, "picha za wenyewe hushushwa kwanza. Anayekuja kununua anatakiwa ajione yeye humu ndani. Ukimwachia nyuso za watu ukutani, anajiona mgeni, anaondoka. Kila mwenye kazi hii anajua. Mpiga picha wa tangazo alikuwa aje Jumatano asubuhi."

Vichwa vya ukumbini vikageukiana. Kisha watu wakasema kwa pamoja.

"Anauza?" "Nani kasema?" "Na sisi tutakwenda wapi?" Shangazi alikuwa amesimama, jambo ambalo hakulifanya hata kwa ajili ya polisi. "Wifi yangu auze nyumba ya kaka yangu bila kuniambia mimi, ninayemsukia nywele?"

Inspekta hakuwatazama waliouliza. Walikuwa saba. Aliwatazama wasiouliza. Shemeji alikuwa anachunguza kucha zake. Dada Mkubwa, nyuma kabisa karibu na ngazi, alikuwa anafunga kitambaa juu ya kikapu cha uji wa mgonjwa, wa kulishwa kwa mrija, anafunga na kufungua fundo lile lile.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika arobaini.

"Endelea," Inspekta alimwambia mpambaji. "Bado nini?"

"Taa na kabati."

"Taa kwanza."

Mpambaji alifunga mapazia, akabonyeza swichi. Taa tatu za dari ziliwaka, na chumba kikawa cha rangi ya asali. Mpambaji mwenyewe alishtuka, akatazama juu.

"Balbu zangu zipo," alisema.

"Eleza."

"Walikuwa na balbu nyeupe, za baridi, kama za jikoni hotelini. Nikaweka hizi. Zile nyeupe nilizitia kwenye sanduku langu, nimrudishie Bi Mkubwa kesho yake."

Koplo alipekua orodha ya vielelezo, akasoma, "Namba kumi na nne. Balbu kuukuu, tatu, zimefungwa kwenye gazeti."

"Shangazi," alisema Inspekta, "Jumanne mliporudi saa moja jioni, nani aliwasha taa?"

"Mimi. Nilikuwa wa kwanza kuingia, na nilikuwa wa kwanza kupiga yowe." Sauti yake ilishuka. "Na unajua, siku ile niliwatazama watu humu ndani nikaona wote wana ugonjwa wa ini. Manjano tupu. Nikasema moyoni ni hofu imeniingia machoni. Sikumwambia mtu, wangesema nimezeeka."

"Hukuzeeka." Inspekta alizima taa, akafungua mapazia. "Aliyevirudisha viti na picha alikuwa na jua la saa kumi na moja dirishani. Hakuwa na haja ya kugusa swichi. Balbu hakuzikumbuka kwa sababu hakujua zimebadilishwa. Mpambaji angejua. Kabati."

Kabati la vyombo lilikuwa la mbao nzito, refu kumpita Koplo. Mpambaji aliliegemeza bega, akalisukumia blanketi kona moja moja, akalivuta hatua kwa hatua mpaka likafika mpaka wa sebule na chumba cha kulia, likasimama kama ukuta wa katikati, mgongo upande wa chakula. Alipomaliza alikuwa anahema. Pale kabati lilipokuwa limesimama tangu Jumanne, marumaru zilikuwa na mikwaruzo miwili mirefu, na mwisho wa mmoja kipande cha marumaru kimemeguka.

"Hii nayo?" aliuliza Inspekta.

"Mimi siburuzi bila blanketi. Ningefukuzwa kila nyumba."

Koplo alijaribu kuinua upande mmoja wa kabati. Uligoma. Akabadili mshiko, akajaribu tena, akauacha. "Afande, nimebakiza miaka miwili nistaafu na mgongo huu. Bila blanketi, hili linataka watu wawili. Mmoja juu, mmoja chini. Na wa chini lilimponyoka hapa."

Ilikuwa saa tano na dakika tano. Inspekta alivuta kiti cha meza ya kulia, akakigeuza.

"Shemeji, njoo ukae pale ulipokaa Jumanne."

Alikuja. Kukaa hakukaa mara moja. Alikifuta kiti kwa kiganja kwanza.

"Hapo ndipo ulipokuwa unakula?"

"Hapa."

"Nieleze unachokiona sebuleni."

Shemeji alitazama mbele. Mbele palikuwa na mgongo wa kabati, mbao tupu, msumari mmoja wenye kutu na namba ya fundi iliyoandikwa kwa penseli.

"Siku ile kabati halikuwa hapa," alisema.

"Lilikuwa wapi?"

"Ukutani. Mahali pake. Alikuwa hajafanya kitu, ndiyo maana wakagombana."

"Saa kumi na moja alikuwa hajafanya kitu."

"Ndiyo."

"Akampiga mama, nawe ukakimbia. Saa moja wenzako wakaingia." Inspekta alisimama kati yake na mlango. "Basi nisaidie hesabu. Ndani ya saa mbili hizo, mama yuko chini anavuja damu, huyu binti akatoa makochi ukutani, akayakalisha katikati mpaka yakaacha alama. Akashusha picha kumi na tisa. Akapiga misumari sita. Akapanda ngazi akabadili balbu tatu. Akavuta kabati mpaka hapa. Kisha akabadili nia, akarudisha picha kumi na tisa, kila moja kwenye msumari wake wa siku zote, bila kukosea hata moja, nyumba ambayo amefika mara mbili. Akang'oa misumari yake, akapanda bafu la juu kutafuta dawa ya meno wakati ana lipu sandukuni. Akainua kabati peke yake. Ndivyo?"

"Sijui alifanya nini. Mimi nilikuwa nimeondoka."

"Ulikwenda kwa nani kutafuta msaada?"

"Barabarani."

"Kwa nani barabarani?"

Shemeji alilamba midomo. Jasho lilikuwa limehama kutoka kwa mpambaji likaja kwake.

"Ulieleza chumba kama kilivyokutwa," alisema Inspekta, "kwa sababu ulikiona kikiwa hivyo ulipomaliza kukirudisha. Hilo nimelielewa. Ninachotaka sasa ni mtu wa pili. Nani alishika kabati upande wa chini?"

"Hakuna mtu wa pili."

"Liinue, basi. Liko mbele yako. Ukiliweza peke yako, nitaandika ulikuwa peke yako."

Alisimama. Alilikumbatia kabati, mishipa ya shingo ikamtoka. Vyombo ndani vililia kidogo, vikanyamaza. Watu wa ukumbini hawakusogea. Alijaribu tena, na safari hii paji la uso aliliweka kwenye mbao likabaki hapo.

"Liache, baba watoto," alisema Dada Mkubwa.

Watu walimpisha bila kuambiwa. Alikuja na kikapu mkononi mpaka kwenye marumaru iliyomeguka, akaitazama. Kisha akaitazama picha ya harusi yake.

"Niliondoka kwa binamu bila kuaga, nikarudi saa kumi na nusu, miguu iliniuma," alisema. "Niliiona hii imegeuzwa ukutani. Nikamuuliza mama, akasema nyumba ina mnunuzi, nimwache afurahie kiti chake." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. "Tuliirudisha sebule ionekane kazi haijafanyika, na upande wa chini nilishika mimi. Mume wangu nilimpigia simu, akanikuta nimesimama tu. Hakumgusa mama. Taa niliishika peke yangu."

Mpambaji alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya blanketi lake. Koplo alitazama saa, akatoka kwenda kwenye redio ya gari kuwaambia wa mahakamani wasisubiri. Alipita katikati ya wale saba wa ukumbini na hakuna hata mmoja aliyemuuliza neno.

"Siku mbili hizi ulizokaa naye hospitali," alisema Inspekta, "ulikuwa unasubiri nini?"

"Afungue macho," alisema Dada Mkubwa. "Kila akitikisa kope nilikuwa sijui naomba nini."

Inspekta alimshika mkono juu ya kiwiko. Dada Mkubwa hakuvuta, ila alikiinua kikapu kidogo, akageuka huku na huku kama mtu anayetafuta meza katika chumba asichokizoea.

"Uji utapoa," alisema.

Shangazi ndiye aliyekipokea. Alikipachika kwenye mkono, akajifunga kanga vizuri, akashuka ngazi za baraza akielekea hospitali kwa wifi yake.